Chumvi ikipanda, chumvi ikishuka: kazi ya vimeng'enya ndani ya sianobakteria

Mwenyekiti, walimu, wakuzaji wa spirulina na wanafunzi mliofika, asanteni kwa kutupa nafasi hii.

Mada yetu ni chumvi, na hasa chumvi inayobadilika. Maji yenye chumvi nyingi mwaka mzima si taabu kubwa kwa kiumbe aliyeyazoea. Maji ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi huwasha ngozi, na bado wamo sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, wanaoishi humo. Taabu huanza pale chumvi inapopanda au kushuka haraka kuliko seli inavyoweza kujirekebisha. Kasi ya kujirekebisha huko inategemea vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali ndani ya seli: vinaamka upesi kiasi gani, vina malighafi ya kutosha au havina, na nani anavizima kazi ikiisha. Anayefuga spirulina, ambaye naye ni sianobakteria, akilijua hilo ataacha kuuliza tu "chumvi ni gramu ngapi?" na ataanza kuuliza pia "imebadilika kwa muda gani?"

Tuanze na kinachotokea chumvi inapoingia ghafla. Ukikata vitunguu vya kachumbari na kuvinyunyizia chumvi, baada ya dakika chache bakuli linajaa maji, kwa sababu maji yamevutwa kutoka ndani ya seli za kitunguu. Seli ya sianobakteria hupatwa na jambo hilohilo, ila kwake huchukua sekunde tu. Maji hutoka kupitia utando, mengine yakipita kwenye vijia vya protini viitwavyo akwaporini, na seli husinyaa. Wakati huohuo ioni za sodiamu na kloridi huingia. Kwa muda mfupi ndani ya seli kunakuwa na sodiamu nyingi mno, na protini nyingi hushindwa kufanya kazi katika hali hiyo.

Hatua zinazofuata zinafahamika vizuri zaidi kwa Synechocystis PCC 6803, sianobakteria wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, ambaye asili yake ni California. Jenomu yake, yaani DNA yake nzima, ilisomwa yote mwaka 1996 katika taasisi ya Kazusa nchini Japani, akawa kiumbe wa kwanza mwenye usanisinuru kufikia hapo. Ingawa ni wa maji baridi, huweza kuzoea hadi karibu moli 1.2 za chumvi ya mezani kwa lita, sawa na gramu 70 hivi, yaani takriban mara mbili ya bahari. Ndani ya dakika 20 hivi, seli yake huwa imeingiza potasiamu kwa wingi, huku sodiamu ikisukumwa nje na protini za utandoni zinazobadilishana sodiamu kwa protoni. Potasiamu ina madhara madogo kuliko sodiamu, lakini nayo ikizidi ni mzigo. Kuna viumbe wengine, akea (vijidudu vya seli moja visivyo bakteria) wapenda chumvi, waliochagua kuishi na potasiamu tele, na protini zao zote zimeumbwa upya kwa ajili hiyo. Protini za sianobakteria hazikuumbwa hivyo. Kwa hiyo potasiamu ni ya kushikilia tu, mpaka vimeng'enya vitengeneze kitu cha kudumu.

Kitu hicho ni viyeyushwa patanifu: molekuli ndogo zisizo na chaji ya jumla, zinazoyeyuka sana, ambazo seli inaweza kujijaza kwa wingi bila protini zake kuvurugika. Zikijaa, maji hurudi ndani na seli hupata tena umbo lake. Kwa Synechocystis molekuli kuu ni glukosiligliseroli, ambayo kuanzia hapa tutaiita GG. Ni glukosi moja iliyounganishwa na gliseroli moja.

GG hutengenezwa kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, kimeng'enya GgpS huchukua glukosi kutoka kwenye ADP-glukosi na kuiunganisha na gliseroli-3-fosfeti. Zao lake bado lina fosfeti. Katika hatua ya pili, kimeng'enya GgpP huiondoa fosfeti hiyo, na GG inakuwa tayari. Angalieni malighafi. ADP-glukosi ndiyo hiyohiyo ambayo seli hutumia kutengenezea glikojeni, akiba yake ya wanga. Kimeng'enya kinachoitengeneza kikiharibiwa kijenetiki, seli hukosa glikojeni na hukosa GG pia, na chumvi huishinda. Kwa hiyo seli yenye njaa, iliyokaa gizani au kukosa kaboni, inaingia kwenye mshtuko wa chumvi ikiwa na ghala tupu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zuri kuliko yote katika mada hii, yaani swichi ya GgpS. Mtu angetarajia kwamba seli ikionja chumvi, hufungua jeni, hutengeneza RNA, kisha protini, na baada ya saa kadhaa kimeng'enya kipo. Njia hiyo ipo kweli, na jeni ya ggpS husomwa zaidi chumvi ikipanda. Lakini kuna njia ya haraka zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Rostock, Ujerumani, kundi la Martin Hagemann lilionyesha kwamba hata katika maji ya seli zilizopasuliwa, ambamo hakuna protini mpya inayotengenezwa, ukiongeza chumvi GgpS huamka. Maelezo yake yalikuja baadaye: chumvi ikiwa ndogo, GgpS hunaswa na DNA na RNA kwa mvutano wa chaji za umeme, na ikinaswa haifanyi kazi. Ioni zikiongezeka huudhoofisha mvutano huo, kimeng'enya huachiliwa, na kazi huanza. Seli haihitaji kutuma ujumbe wowote. Ioni zilezile zinazoleta madhara ndizo zinazofungua kufuli. Na GG ikishatosha, ioni zikisukumwa nje, GgpS hunaswa tena. Ni mfumo unaojipima wenyewe.

Hatua ya pili isidharauliwe. Seli iliyokosa GgpP hurundika lile zao lenye fosfeti na haivumilii chumvi. Iliyokosa GgpS kabisa huonyesha jambo la ajabu chini ya hadubini. Katika utafiti uliochapishwa 2003, seli za namna hiyo ziliwekwa kwenye milimoli 450 za chumvi, sawa na gramu 26 hivi kwa lita. Hazikufa mara moja. Zilivimba, zikawa kubwa kuliko kawaida, na hazikugawanyika. Zilipopewa GG kutoka nje zilianza kugawanyika tena. Ndiyo maana mkuzaji anaweza kuona maji bado ni ya kijani baada ya kuongeza chumvi, akaridhika, kumbe mavuno hayaongezeki: seli zipo hai, zimesimama.

Zilichukuaje GG ya nje? Kuna kisafirishaji utandoni, Ggt, kinachotumia ATP, yaani nishati ya seli. Kazi yake ya kila siku ni kurudisha ndani GG inayovuja. Kikiharibiwa, GG huonekana ikiongezeka kwenye maji nje ya seli. Kutengeneza bila kuzuia uvujaji ni hasara ya kaboni, na seli inalijua hilo.

Si sianobakteria wote wanaotumia GG, na molekuli wanayotumia inaendana vizuri na kiwango wanachovumilia. Wale wa kiwango cha chini, hadi karibu moli 0.7 za chumvi kwa lita (gramu 41 hivi), hutengeneza sukrosi au trehalosi. Wa kati, hadi moli 1.8 (gramu 105), hutumia GG. Wa juu kabisa, hadi moli 2.7 (gramu 158), hutumia betaini ya glisini. Spirulina ya kwenye mabwawa, yaani Arthrospira, ina GG pamoja na trehalosi.

Betaini inastahili neno moja zaidi kwa sababu ya gharama yake. Aphanothece halophytica huitengeneza kutoka asidi amino ya glisini kwa kuiongezea vikundi vitatu vya methili, kimoja baada ya kingine, kwa kutumia vimeng'enya viwili tu. Kila methili hugharimu molekuli moja ya S-adenosilimethionini inayoileta methili hiyo, na betaini yenyewe imebeba nitrojeni. Pasipo nitrojeni ya kutosha njia hii haiendi mbali. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kuwa jeni za vimeng'enya hivyo viwili, zikihamishiwa kwa Synechococcus wa maji baridi, humwezesha kuvumilia chumvi ambayo kabla ya hapo ilimshinda. Vimeng'enya viwili, na mpaka wa kiumbe unasogea.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika: mwanga. Kusukuma sodiamu nje kunahitaji nishati, na seli iliyo kwenye chumvi hupumua zaidi ili kuipata. Mtu angedhani basi jua kali ni msaada. Sivyo. Mwanga huharibu kila mara protini iitwayo D1 katika mfumo wa pili wa usanisinuru, na katika hali ya kawaida seli huitengeneza upya kwa kasi ileile. Chumvi hukwamisha ukarabati huo, maana huzuia utengenezaji wa protini mpya. Mwanga ukiendelea kuharibu na ukarabati umesimama, usanisinuru unaporomoka. Bwawa la Arthrospira lililotiwa chumvi na kuachwa kwenye jua la saa sita mchana linapigwa mara mbili.

Chumvi ikishuka nayo ni mshtuko, na kwa wafugaji wengi ni mbaya zaidi kwa sababu haitarajiwi. Seli iliyojaa GG ikiingia kwenye maji yaliyopungua chumvi huvuta maji kwa nguvu. Lazima ipunguze ilichorundika, na upesi. GG nyingi huachiwa itoke nje ya seli ndani ya dakika chache, na iliyobaki hukatwa na kimeng'enya GghA kuwa glukosi na gliseroli, vikarudi kwenye matumizi ya seli. Kumwaga ni haraka kwa sababu hakuhitaji kimeng'enya. Kukata ni polepole, lakini kaboni haipotei. Chumvi ikishuka kidogo kidogo, seli hupata nafasi ya kukata. Ikishuka kwa kishindo, humwaga, na zile zisizowahi hupasuka.

Hapa watu wa Nakuru hutuuliza kuhusu heroe. Kuanzia 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yalipanda, Ziwa Nakuru likapungua chumvi, Arthrospira wakapungua, na heroe wadogo wanaowala wakahamia kwingine. Je, vimeng'enya vilishindwa? Tusivibebeshe lawama isiyo yao. Mabadiliko ya miezi na miaka ni ya polepole mno kwa seli inayojirekebisha ndani ya siku moja. Kilichotokea ni ushindani: maji yakipungua chumvi na magadi, mwani wengine waliokuwa wamezuiwa nje wanaingia, na Arthrospira anakosa ile faida ya kuishi mahali ambapo wengine hawawezi. Mshtuko wa vimeng'enya ni jambo la saa, na huonekana zaidi kwenye mabwawa yetu kuliko ziwani.

Basi twende bwawani. Chukua bwawa la mita 5 kwa 10, kina sentimita 20. Hizo ni lita 10,000, na kila gramu moja kwa lita unayotaka kuongeza ni kilo 10 za chumvi. Kwanza, usisome mstari wa chumvi ya mezani peke yake kwenye kanuni ya virutubisho. Kanuni ya Zarrouk, mchanganyiko wa kukuzia spirulina, ina gramu 1 tu ya chumvi ya mezani kwa lita, lakini ina gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu na gramu 2.5 za nitreti ya sodiamu. Ukijumlisha, sodiamu inafika karibu moli 0.25 kwa lita, zaidi kidogo ya nusu ya ile ya baharini, kabla hujaongeza punje moja. Anayepima chumvi kwa kuonja au kwa kuhesabu mifuko ya chumvi tu anajidanganya. Tumia kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na uandike namba kila siku kwa saa ileile.

Pili, ongeza kwa hatua. Ushauri wetu ni gramu 2 hadi 3 kwa lita kwa mara moja, kisha subiri mpaka ukuaji urudi. Kipimo cha kurudi ni jinsi maji yanavyozidi kuwa mazito na kuzuia mwanga, kwa diski ya Secchi (sahani inayozamishwa mpaka isionekane) au kwa kipima mwanga. Rangi ya kijani pekee haitoshi, kwa sababu tuliyoyasema kuhusu seli zilizosimama. Yeyusha chumvi kwenye ndoo kwa maji ya bwawa lenyewe, umimine polepole mbele ya pedeli, gurudumu la kukoroga maji, inayozunguka. Ukirusha chumvi kavu itazama, na nyuzi za Arthrospira zilizo karibu nayo zitakutana na brini, yaani maji ya chumvi kali mno, hata kama wastani wa bwawa ni mdogo. Fanya hivyo jioni mapema: ghala la glikojeni limejaa kutokana na kazi ya mchana, na jua kali limepita. Siku mbili za mwanzo tandika neti ya kivuli.

Tatu, uvukizaji unaongeza chumvi bila wewe kugusa mfuko. Bwawa la kina cha milimita 200 lenye gramu 20 kwa lita likipoteza milimita 5 kwa siku, baada ya siku 13 hivi limebaki na milimita 133 na limefika gramu 30. Hilo ni polepole, na seli zitafuata. Kosa hutokea siku ya 14, mtu anapofungua bomba na kurudisha milimita 67 za maji baridi kwa mkupuo. Rudisha kila siku ulichopoteza kila siku.

Nne, mvua. Milimita 50 za mvua kwenye bwawa hilohilo hushusha gramu 20 hadi 16, na kwa wastani hilo linavumilika. Lakini maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu, na Arthrospira ana vifuko vya gesi vinavyompandisha juu. Pedeli ikiwa imezimwa, nyuzi zinaelea moja kwa moja hadi kwenye tabaka la maji baridi. Mvua ikianza, washa pedeli. Zaidi ya hayo, Arthrospira aliyezoea alkali anahitaji sodiamu ili aishi: akinyimwa sodiamu kabisa katika maji ya alkali kali, hufa haraka. Kumpunguzia sana si kumpumzisha.

Hilohilo linahusu uoshaji wa mavuno. Watu huosha spirulina kwa maji safi ili kuondoa bikaboneti, na ni sawa, mradi ioshwe upesi na kukamuliwa mara moja. Ukiiacha imelowa, maji yanayochuruzika chini ya kitambaa yataanza kuwa ya buluu. Buluu hiyo ni faikosianini, na ukishaiona nje ujue seli zimepasuka na protini uliyoilima inakwenda mtaroni.

Kwa wanafunzi mnaotaka kupima GG maabara: toeni sampuli, zizungusheni kwenye sentrifuji, kisha ziosheni kwa maji yenye chumvi ileile waliyokulia. Mkiosha kwa maji yaliyotoneshwa, GG inamwagika kabla hamjaipima, na mtaandika kwamba seli hazikutengeneza kitu. Tumieni ethanoli ya asilimia 80 yenye joto la nyuzi 65 hivi kuitoa, mkiwa mmetia sorbitoli ya kiasi kinachojulikana ili kukadiria upotevu. Na anayepima kazi ya GgpS yenyewe aondoe kwanza chumvi kwenye maji ya seli kwa kuyachuja kwenye safu ya jeli, kisha airudishe kwa viwango anavyovijua. Akiacha chumvi ya mwanzo, kimeng'enya kitakuwa kimeshaamka, na atashindwa kuona tofauti kati ya seli iliyopata mshtuko na isiyopata.

Swali la mwisho tulilotumiwa linatoka kwa wafugaji wa samaki: je, chumvi inaweza kuua Microcystis, yule wa utando wa kijani unaoonekana Ziwa Victoria, akiingia bwawani? Aina nyingi za maji baridi hushindwa chumvi ikizidi gramu 10 hivi kwa lita, kwa hiyo ndiyo, anaweza kufa. Lakini anapopasuka anaachia majini sumu ya mikrosistini aliyokuwa ameifungia ndani, na samaki wako humohumo. Zaidi ya hayo, baadhi ya Microcystis wa maji ya chumvichumvi katika Ziwa Shinji, Japani, wamegundulika wakiwa na jeni za kutengeneza sukrosi, na hao wataivumilia chumvi yako. Mtoe kwa kumkusanya juu ya maji akiwa mzima, ubadilishe maji kwa sehemu, na uzuie mbolea na mabaki ya chakula yanayomlisha.